Mbuzi anazunguka kushoto wiki ya tatu, homa hana: ni maji moyo au kifuko cha tegu kwenye ubongo?

MfugajiLongido

Habari za humu wakuu. Nina mbuzi 46 na mbwa 3 wa kulinda zizi. Mtamba mmoja wa mwaka na nusu, kilo 28 hivi, ana wiki ya tatu anazunguka kuelekea kushoto. Akifika ukutani anaegemeza paji la uso na kubaki hapohapo. Anakula, ila majani yaliyo upande wake wa kulia anayapita kama hayapo. Joto asubuhi 39.1, jioni 39.4. Hakohoi, hana kamasi, hatoi mate.

Nimemchoma ivamektini mara moja na OTC (oksitetrasaiklini) ya asilimia 20 mara tatu, ya mwisho siku 6 zilizopita. Hakuna badiliko. Mwezi uliopita watoto wawili wa miezi miwili walilegea, shingo ikapinda, wakatupa miguu na kufa ndani ya siku nne. Hao sikuwapima joto. Kupe wapo, naogesha kila wiki mbili.

Jirani anasema ni ormilo (ugonjwa wa kuzunguka, kwa Kimasai), nimchome chuma cha moto kwenye paji la uso. Mwenye duka la dawa anasema ni maji moyo, niongeze OTC. Mbuzi tukichinja, vichwa wanapewa mbwa. Nifanyeje, na je, huyu anafaa kuchinjwa? Natanguliza shukrani.

DktMalisho

Mkuu, sentensi yako ya vichwa na mbwa ndiyo iliyobeba jibu, lakini twende taratibu.

Maji moyo ni ugonjwa wa kupe, tena wa haraka. Mbuzi anapanda joto ghafla hadi 41 au zaidi, anaacha kula, anatembea akinyanyua miguu juu kama anaruka vijiti, anazunguka, anaanguka na kupiga miguu kama anaogelea. Wengi wanakufa ndani ya siku chache tangu homa ianze. Mbuzi anayezunguka wiki tatu, anakula, na joto lake ni la kawaida (kwa mbuzi 38.5 hadi 40), hana maji moyo. OTC ungempa hata chupa nzima, asingebadilika.

Huyu ana dalili zote za kizunguzungu cha tegu. Tegu (mnyoo bapa) anayeitwa Taenia multiceps anaishi kwenye utumbo wa mbwa, na mbweha pia. Mayai yanatoka na kinyesi, yanakaa kwenye majani na maji, mbuzi au kondoo anayameza. Ndani ya utumbo wa mbuzi yai linaangua kiluwiluwi kidogo mno kinachotoboa ukuta wa utumbo, kinaingia kwenye damu na kusafiri. Vinavyofika kwenye ubongo na uti wa mgongo ndivyo vinavyokua vizuri. Kwa mbuzi vinaweza kukua hata kwenye misuli na chini ya ngozi, kwa hiyo ukimwona mwenye uvimbe laini wa maji shingoni au mgongoni usidhani ni jipu tu.

Ugonjwa huu una sura mbili. Ya kwanza ni ya watoto waliomeza mayai mengi kwa mkupuo: viluwiluwi vinachimba njia ndani ya ubongo, ubongo na utando wake vinavimba, na dalili zinakuja siku 10 hadi 30 baada ya kumeza. Homa inaweza kuwepo kidogo kisha ikapotea. Shingo inapinda, mtoto anatupa miguu, anakufa kwa siku 4 au 5. Watoto wako wawili wanaingia hapa vizuri sana, ingawa bila joto na bila kuona ubongo siwezi kuifuta maji moyo kwa hao. Sura ya pili ni ya huyu mtamba: kiluwiluwi kimoja au viwili vilivyonusurika vinakuwa kifuko cha maji, kinakua polepole kwa miezi 6 hadi 8 mpaka kufikia sentimita 5 na zaidi, na ubongo unabanwa dhidi ya fuvu.

Mpime hivi leo. Mfunike jicho la kushoto kwa kiganja, halafu peleka kidole chako kwa ghafla mbele ya jicho la kulia bila kugusa nywele na bila kusukuma upepo. Upepo utamfanya apepese hata kama haoni, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Rudia upande wa pili. Kisha angalia mboni kwa tochi: ikisinyaa mwanga unapoingia lakini kope halijibu kidole, jicho ni zima, tatizo liko kwenye ubongo. Mwisho bonyeza fuvu kwa dole gumba nyuma ya shina la kila pembe, ulinganishe pande mbili. Mfupa unaobonyea kama ganda la yai lililochemshwa umesukumwa na kifuko kutoka ndani. Mfupa ukiwa mgumu usihitimishe kwamba hakuna kifuko. Kwa mbuzi wenye pembe kubwa mara nyingi haulainiki.

Mama_Zizi

Naongeza moja: kabla hujamshika kichwa kwa mikono mitupu, fikiria kichaa cha mbwa. Mbuzi aliyeumwa na mbwa au mbweha anaweza kuanza kwa kuzubaa na kuyumba. Akiwa analia mfululizo kwa sauti iliyokwaruza, anatoa mate, anashindwa kumeza, au ana kovu la meno, usimfungue mdomo, usipasue kichwa, mwite afisa mifugo. Wiki tatu akiwa hai na anakula si kichaa, kichaa kingekuwa kimeshamwua.

MfugajiLongido

Shukrani daktari. Nimepima. Jicho la kulia halijibu kidole kabisa, mboni inasinyaa. La kushoto zima. Nyuma ya pembe ya kushoto kuna sehemu ya ukubwa wa sarafu inabonyea kidogo, akibonyezwa anatikisa kichwa. Nina albendazoli ya asilimia 10 dukani kwangu hapa, nimpe?

DktMalisho

Anazunguka kushoto, jicho la kulia limepotea, mfupa wa kushoto umelainika. Kifuko kiko nusu ya kushoto ya ubongo mkubwa. Nusu ya kushoto ndiyo inayoona kwa jicho la kulia, na mnyama kwa kawaida anazungukia upande wenye kifuko. Angekuwa na kifuko kwenye ubongo wa nyuma asingezunguka hivi. Angeyumba kama mlevi, akatanua miguu na kutetemeka kichwa anapotaka kula. Hao upasuaji wao ni mgumu.

Albendazoli usimpe huyu. Dozi ya kawaida ya minyoo, miligramu 7.5 kwa kilo, haikifanyi chochote kifuko kilichokomaa. Dozi zilizojaribiwa kwa ugonjwa huu ni kubwa zaidi na za siku kadhaa mfululizo, na zinafaa pale viluwiluwi bado ni vichanga. Ukikiua kifuko kikubwa ndani ya fuvu, maji na vichwa vya tegu vinavyooza vinawasha ubongo upya, na mnyama aliyekuwa anazunguka tu anaanza kuanguka kwa degedege. Dozi kubwa kwa watoto wa zizi lililopata vifo kama vyako inaweza kujadiliwa, lakini iwe mkononi mwa daktari aliyewaona, tena kamwe isiende kwa jike aliye ndani ya mwezi wa kwanza wa mimba. Albendazoli inaharibu kijusi.

Na ivamektini uliyomchoma ilikuwa hela ya bure kwa tatizo hili. Inaua minyoo ya mviringo, chawa na funza wa pua. Tegu haimgusi, awe mkubwa au kiluwiluwi.

FuvuNaSindano

Kwa mbuzi ambaye upande unajulikana na mfupa umeshalainika, upasuaji ndio tiba, na nafasi ya kupona ni nzuri akifanyiwa kabla hajalala chini. Ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Naandika hatua ili ujue unalipia nini na uandae nini, wala si ili ujaribu mwenyewe na wembe.

Anyimwe chakula kwa muda wa saa 12 hadi 18 na maji kwa muda wa saa 8 hivi, la sivyo tumbo linajaa gesi akiwa amelala, au anacheua na kuvuta chakula mapafuni. Deksamethasoni inachomwa kabla ya kufungua ili kupunguza uvimbe wa ubongo, miligramu 0.5 kwa kilo. Kwa kilo 28 ni miligramu 14, yaani mililita 7 za dawa yenye miligramu 2 kwa mililita. Mwenye mimba kubwa anaweza kutupa mimba kwa dawa hii, kwa hiyo daktari aambiwe mapema.

Zailazini, dawa ya kumtuliza alale, ndiyo inayoua mbuzi wengi kabla kisu hakijagusa ngozi. Mbuzi ni mwepesi mno kwa dawa hii, na chupa ya asilimia 2 ina miligramu 20 kila mililita. Kwa miligramu 0.05 kwa kilo, mtamba wako anahitaji miligramu 1.4, sawa na mililita 0.07. Hakuna mtu anayepima 0.07 kwa sirinji ya mililita 5. Chukua mililita 1 ya dawa, ongeza mililita 9 za maji safi ya sindano, sasa kila mililita ina miligramu 2, na dozi yake ni mililita 0.7 kwenye msuli. Ganzi ya lidokeni nayo ina kikomo: miligramu 5 kwa kilo, hapa ni mililita 7 za asilimia 2, usivuke. Ikizidi, mbuzi anapata degedege na moyo unasimama, halafu lawama inaenda kwa kifuko.

Alazwe kifudifudi, miguu chini ya mwili, kichwa juu kwenye mto wa gunia, pua imeelekea chini ili mate yatoke. Nywele zinanyolewa, ngozi inaoshwa kwa sabuni kisha iodini. Tundu linakaa nyuma ya shina la pembe, sentimita 1 hadi 2 kutoka mstari wa katikati ya kichwa. Katikati kabisa hapaguswi kwa sababu chini yake kuna mshipa mkubwa wa damu, ukiukata hutauziba. Mbele zaidi, kwenye shina lenyewe la pembe, unaingia kwenye uwazi wa hewa wa mfupa na hujafika kwenye ubongo.

Ngozi inakatwa nusu duara na kugeuzwa, mfupa uliolainika unakatwa tundu la sentimita 1.5 hadi 2. Utando mgumu wa ubongo ukipasuliwa, mara nyingi kifuko kinachungulia chenyewe, cheupe kinachong'aa. Kisipochungulia, kanula (mrija wa plastiki) laini ya namba 14 au 16 bila sindano yake inasukumwa polepole. Maji yakija maangavu kama ya kunywa, umefika. Yanavutwa kwa sirinji ya mililita 20, polepole. Kisha ukiendelea kuvuta, ukuta wa kifuko unaingia kwenye ncha ya kanula na unautoa nje kwa kuuzungusha kidogo kidogo kwa koleo.

Ukuta huo ni mwembamba kama utando ulio ndani ya ganda la yai, na umejaa punje nyeupe zilizokusanyika mafungu mafungu kama chenga za mchele. Kila punje ni kichwa cha tegu. Kifuko kizima kinaweza kuwa nazo mamia, na mbwa akikila, kila moja inaweza kuwa tegu mzima. Kwa hiyo kisitupwe hapo chini wakati mbwa amekaa anasubiri. Kiingie kwenye kopo na kwenda motoni.

Mfupa haurudishwi, ngozi inashonwa juu yake. Penisilini prokaini yuniti 22,000 kwa kilo kila siku kwa siku 5, kwake ni mililita 2 za dawa yenye yuniti 300,000 kwa mililita. Akae kivulini peke yake, maji karibu na mdomo. Kuzunguka kunaweza kupungua siku hiyohiyo au kuchukua wiki. Jicho ndilo linalochelewa. Akirudi kuzunguka baada ya kupona vizuri, ama kipande cha ukuta kilibaki au kulikuwa na kifuko cha pili.

Hilo la chuma cha moto kwenye paji la uso linaongeza kidonda tu. Kifuko kiko chini ya mfupa.

Bwana_Supu

Wakuu, mnamzungusha tu. Upasuaji wa mbuzi mmoja ni gharama, achinjwe, nyama iliwe. Mimi ningekuwa nimeshamla.

DktMalisho

Bwana_Supu, hoja ya gharama nakubaliana nayo; kwa mbuzi wa kawaida wengi wanachinja, na ni uamuzi wa busara kama bado ana mwili. Lakini huyu ana OTC ya siku 6 na ivamektini ndani yake. Soma lebo za chupa zako zote mbili: nyingi za OTC ya kukaa muda mrefu na za ivamektini zinataka siku 28 au zaidi kabla ya kuchinja. Hesabu kutoka sindano ya mwisho, fuata lebo yenye siku nyingi, na akichinjwa mkaguzi wa nyama amwone. Ukimfanyia upasuaji, hesabu inaanza upya.

Nyama yenyewe haiambukizi mtu ugonjwa huu. Binadamu anaupata kwa kumeza mayai kutoka kinyesi cha mbwa. Ni nadra, lakini upo, na kifuko kinaweza kukaa kwenye ubongo au jicho la mtu. Mtoto anayecheza na mbwa na kula bila kunawa yuko hatarini kuliko anayekunywa supu ya kichwa iliyochemka vizuri.

MfugajiLongido

Nimeelewa. Daktari wa wilaya atakuja Alhamisi kumpasua. Na hawa mbwa watatu? Mmoja ni mkubwa kama kilo 20, wawili kilo 15. Nimeona vipande vyeupe kama punje za mchele kwenye kinyesi cha mmoja.

MlinziWaZizi

Vipande hivyo ni pingili za tegu, na kila pingili imejaa maelfu ya mayai. Si lazima awe tegu huyuhuyu, mbwa wana tegu wengi, lakini dawa ni ileile: prazikwanteli miligramu 5 kwa kilo, mdomoni, mara moja. Vidonge vingi vya mbwa vina miligramu 50, yaani kimoja kwa kilo 10: mkubwa apewe viwili, wa kilo 15 kimoja na nusu. Kupima uzito, panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa umembeba mbwa, kisha bila mbwa, toa. Ukipata kidonge cha kichocho cha miligramu 600, robo yake ni miligramu 150, dozi ya mbwa wa kilo 30. Kwa hawa wako ukikikata utakosea, tafuta vya mbwa.

Kidonge kifichwe kwenye kipande kidogo cha nyama iliyopikwa, na mshike mdomo mpaka ameze. Mbwa ana akili ya kula nyama na kuacha kidonge ubavuni mwa shavu, dakika mbili baadaye unakikuta kwenye vumbi.

Dawa inamwua tegu, haiui mayai. Tegu aliyekufa anatoka ameyeyuka pamoja na mayai yake yakiwa hai. Kwa hiyo funga mbwa wote siku mbili kamili kuanzia dozi, mbali na maji na malisho ya watoto, okota kila kinyesi kwa jembe, chimba shimo, choma kwa kuni na mafuta ya taa, fukia. Ukimpa dawa asubuhi na kumwachia aende na mifugo, umesambaza mayai ya mwezi mzima kwa siku moja. Dawa za kuoshea banda usizitegemee, mayai haya yanazivumilia. Moto na jua kali la ukavu ndivyo vinavyoyamaliza.

Rudia kila wiki 6. Mbwa akila kifuko leo, tegu anaanza kutoa mayai baada ya wiki 6 hivi, ukimwahi anakufa kabla hajazaa. Ongea na majirani wafanye siku hiyohiyo, kwa kuwa mbwa wa boma la pili analala kwenye njia ya mbuzi wako. Dozi hiyo inamwua pia tegu mdogo anayeleta vifuko vya maji kwenye ini na mapafu ya watu, ule ugonjwa uliosumbua sana Turkana.

Vichwa: mbwa wasipewe kibichi hata siku moja, wala ubongo, wala uti wa mgongo. Kichwa kizima kichemke mpaka nyama iachane na mfupa. Ukikipasua kwanza katikati kinaiva ndani haraka. Hutaki kuchemsha, choma kiwe mkaa. Kufukia, shimo liwe la mita moja na zaidi, mawe juu, maana mbwa na mbweha wanafukua. Na mzoga wa malishoni usiachwe, mbweha anafanya kazi ileile ya mbwa na huwezi kumpa kidonge.

DktMalisho

Naongeza kwa MfugajiLongido. Mtoto mwingine akifa kwa namna ile, pima joto akiwa hai, kisha peleka kichwa kikiwa kibichi ndani ya barafu, siku hiyohiyo, kwenye maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Arusha. Wakisugua kipande cha ubongo kwenye kioo na kukipaka rangi wataona vimelea vya maji moyo kama vipo, na wakikata ubongo wataona njia za viluwiluwi. Anayefungua kichwa avae glovu na afunike macho.

Chanjo ya tegu huyu ya mbuzi dukani hakuna, akikuuzia mtu jua ni kitu kingine.

MfugajiLongido

Sawa wakuu, nashukuru sana. La mwisho: nikiwapa mbwa dawa wiki hii, mbuzi wataacha kuzunguka lini?

MlinziWaZizi

Si mapema. Waliomeza mayai miezi iliyopita vifuko vyao vinakua sasa hivi, kwa hiyo tegemea mmoja au wawili wengine kuanza kuzunguka ndani ya miezi 6 hadi 8 ijayo hata kama mbwa wako ni safi. Andika tarehe ya dozi ya kwanza kwenye daftari. Mbuzi aliyezaliwa baada ya tarehe hiyo akianza kuzunguka, anza kwa kuangalia ni mbwa gani aliyekosa dawa, ingawa mbweha au mayai ya zamani malishoni pia vinaweza kuwa chanzo.